Joka la karatasi linalogeuza kichwa: kwa nini kuijua siri yake hakukiondoi kiinimacho

Swali la msomaji: Nimekata na kukunja joka dogo la karatasi kwa kufuata kiolezo nilichokipata kwenye intaneti. Uso wake haukutokeza nje bali umebonyea kwa ndani, na nalijua hilo vizuri kwa sababu niliukunja na kuutia gundi mwenyewe. Hata hivyo, nikirudi nyuma hatua chache na kufumba jicho moja, uso huo unatokeza mbele, na nikitembea kichwa kinageuka kunifuata. Kwa nini kujua ukweli hakuniondolei kiinimacho hiki? Kwa nini kinaonekana vizuri zaidi kwenye video ya simu kuliko ana kwa ana? Na je, ni jambo hilo hilo linalofanya macho ya mtu kwenye picha ya ukutani yanifuate popote ninaposimama?

Ndugu msomaji, naomba nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa jibu lake linarahisisha yale mawili ya kwanza. Picha ya ukutani na joka lako wana undugu wa karibu, ila hawafanyi jambo lile lile, na tofauti yao inaweza hata kupimwa.

Tuseme mbele yako kuna vitu vitatu vilivyopangwa safu moja: sanamu ya kichwa cha mtu, picha bapa ya uso huo huo, na kinyago chake ambacho kimewekwa upande wa ndani ukikuelekea, yaani ule upande ambao mvaaji angeingiza uso wake. Sasa sogea kulia taratibu. Kwenye sanamu, pua iko karibu nawe kuliko masikio, na kwa hiyo unaposogea kulia pua inaonekana ikihamia kushoto ikilinganishwa na mashavu. Shavu la upande unaoelekea linafunguka, na la upande wa pili linaanza kujificha. Ubongo umeyaona mabadiliko ya namna hii tangu utotoni, na unayasoma bila shida: kichwa kimetulia, aliyesogea ni wewe.

Kwenye picha bapa, pua na masikio viko juu ya karatasi moja. Unaposogea, picha nzima inajibana kidogo kwa upana, lakini pua haihami hata kidogo ikilinganishwa na mashavu. Kwa kichwa chenye umbo kamili hali hiyo inawezekana kwa njia moja tu, nayo ni kichwa chenyewe kugeuka pamoja nawe kwa kiasi kile kile ulichosogea. Ndiyo maana mtu aliyechorwa akikutazama usoni ataendelea kukutazama popote utakaposimama, na yule aliyechorwa akitazama pembeni hutamkamata macho yake kamwe, hata ukienda kusimama upande ule anaoutazama. Mwanasayansi Mwingereza William Hyde Wollaston aliandika kuhusu mwelekeo wa macho katika picha za watu mwaka 1824, na kiini cha maelezo hayo hakijabadilika sana hadi leo.

Kwenye kinyago kilichobonyea mambo yanageuka kabisa. Hapo pua ndiyo sehemu iliyo mbali nawe zaidi, na kingo za uso ndizo zilizo karibu. Ukisogea kulia, pua nayo inahamia kulia ikilinganishwa na kingo hizo. Kama ubongo ungekubali kwamba pua iko nyuma, usingeona ajabu yoyote. Lakini ubongo umeshikilia kwamba pua iko mbele, na pua iliyo mbele haiwezi kuhamia upande ule ule unaoelekea mtazamaji isipokuwa kichwa kiwe kinageuka, tena kigeuke kwa kasi kuliko mtazamaji mwenyewe. Ukizunguka nyuzi 20 kulikabili joka lako, utaliona likigeuka karibu nyuzi 40. Kwa mwendo huo huo, picha ingeonekana imegeuka nyuzi 20, na sanamu isingegeuka kabisa. Nadhani hiyo ndiyo sababu ya watu wengi kusema kwamba joka hili linaonekana kama lina uhai na picha haina: picha inakwenda sambamba nawe, ilhali joka linakutangulia, kama kwamba limekisia unakoelekea.

Joka la namna hii limetokana na ubunifu wa Jerry Andrus, mwanamazingaombwe wa Marekani aliyeishi kuanzia mwaka 1918 hadi 2007, na watu wengi hulihusisha na jina la Martin Gardner, mwandishi wa mafumbo ya hisabati. Yafaa kuona jinsi umbo lake lilivyo rahisi. Kichwa kina pande chache bapa zinazokutana kwa ndani, na juu ya pande hizo yamechapwa macho, pua na vivuli kana kwamba uso umetokeza. Hakuna kioo, sumaku, wala kitu chochote kinachosogea.

Sasa tuje kwenye swali lako kuu. Kwa nini ubongo unashikilia kwamba pua iko mbele wakati mwenye ubongo huo anajua kwamba haiko mbele?

Taswira inayoingia kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, ni bapa. Taswira hiyo moja ingeweza kutokana na maumbo yasiyo na idadi: uso uliotokeza karibu, uso uliobonyea, hata mchoro mkubwa ulio mbali. Hakuna hesabu inayoweza kulipata umbo halisi kutoka kwenye taswira hiyo peke yake, kwa sababu habari ya kina imekwisha kupotea. Kinachobaki ni kukisia, na ubongo hukisia kwa kufuata yale ambayo kwa kawaida huwa kweli. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alilieleza jambo hili katika karne ya 19 kuwa ni hitimisho ambalo mtu analifikia bila kujua kwamba amelifikia, na Mwingereza Richard Gregory, aliyefariki mwaka 2010, alilifanyia kazi kwa miaka mingi akikitumia kinyago hiki kama mfano wake mkuu. Kila uso uliowahi kuuona maishani ulikuwa umetokeza. Nyuso zilizobonyea hazipo, ila ndani ya vinyago na ndani ya vyombo vya kufinyangia sanamu. Ubongo ukipewa chaguo kati ya jambo uliloliona kila siku na jambo ambalo haujapata kuliona, hausiti. Tena ukigeuza kinyago hicho kichwa chini miguu juu, kiinimacho hupungua nguvu, kwa kuwa uso uliopinduliwa hautambuliki upesi kama uso.

Hata hivyo nisingependa uondoke ukiamini kwamba ni nyuso tu zinazotufanyia hivi. Chukua kadi ndogo nyeupe isiyo na maandishi, ikunje katikati kwa urefu, kisha iweke mezani kama paa la nyumba, mwanga ukitoka upande mmoja. Fumba jicho moja, tazama kutoka juu kwa mshazari, na kazia macho kwenye mkunjo. Baada ya muda kadi itapinduka ghafla: badala ya paa lililolala mezani utaona kitu kilichosimama, kama kitabu kilichofunguliwa kikikuelekea. Jaribio hili lilielezwa katika karne ya 19 na mwanafizikia Mwaustria Ernst Mach, na kwa maoni yangu hakuna jingine linalofundisha mengi kwa gharama ndogo namna hii. Kadi ikishapinduka, sogeza kichwa chako kidogo kushoto na kulia. Kadi itayumba kukufuata kwa sababu ile ile inayoligeuza joka. Kisha tazama rangi. Ule upande ulio kivulini, ambao kabla ya hapo ulikuwa mweupe wa kawaida usiopata mwanga, sasa unaonekana mweusi zaidi kana kwamba umepakwa rangi, na upande wa pili unaonekana kama unang'aa wenyewe.

Hapo pa rangi pana jambo la kuzingatia. Mwanga unaotoka kwenye kadi na kuingia jichoni haukubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni maelezo ambayo ubongo umejipa kuhusu umbo, na maelezo ya umbo yalipobadilika, maelezo ya mwanga yakalazimika kubadilika pia. Awali weusi wa upande mmoja ulielezeka kwa kuwa upande huo umeupa mwanga kisogo. Kadi ilipopinduka, upande huo ukawa kana kwamba unaukabili mwanga, na kama unaukabili mwanga na bado ni mweusi, basi hitimisho lililobaki ni kwamba karatasi yenyewe ni nyeusi. Ubongo haukuulizi unajua nini kuhusu kadi hiyo. Unatafuta tu maelezo ambayo umbo, mwanga na mwendo vyote vitakubaliana nayo kwa wakati mmoja.

Jambo hilo hilo liko kwenye ule mchoro mashuhuri wa ubao wa drafti uliotengenezwa mwaka 1995 na Edward Adelson wa chuo cha MIT, Marekani. Silinda imesimama juu ya ubao na kutupa kivuli; mraba mmoja ulio nje ya kivuli unaonekana mweusi, mwingine ulio ndani ya kivuli unaonekana mweupe, ilhali yote miwili imechapwa kwa kijivu kile kile. Hata baada ya kuthibitisha hivyo kwa kufunika mchoro kwa karatasi yenye matundu mawili, ukiiondoa karatasi tofauti inarudi pale pale. Watu husema kwamba macho yamekosea. Mimi siafiki sana. Kazi ya macho si kupima wino, bali ni kukuambia vitu vilivyo mbele yako ni vya rangi gani, na kitu kinachotoa kijivu kile kile kikiwa ndani ya kivuli bila shaka ni cheupe kuliko kile kinachokitoa kikiwa kwenye mwanga kamili. Jibu la macho lingekuwa sahihi kabisa kama ubao huo ungekuwa ubao wa kweli na si mchoro.

Kwa hiyo unapouliza kwa nini kujua hakusaidii, jibu ni kwamba ujuzi wako na taswira unayoiona havitengenezwi mahali pamoja. Ujuzi kwamba uliukunja uso huo kwa ndani umehifadhiwa kama habari inayoweza kusemwa, kukumbukwa na kuandikwa katika barua kama ulivyofanya. Taswira inaundwa upesi, mapema, na kwa kanuni za jumla ambazo zimejengwa na maisha yote ya kuona. Habari moja inayohusu kipande kimoja cha karatasi haiwezi kuzibatilisha kanuni hizo papo hapo, na kusema kweli ni afadhali iwe hivyo, kwa sababu kama tungekuwa tunaona tunachoamini, jicho lisingekuwa na uwezo wa kutusahihisha.

Tena mgawanyiko huu hauishii kati ya kujua na kuona. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2006, ambao Gregory mwenyewe alishiriki, watu waliwekewa kinyago kilichobonyea ambacho juu yake zilibandikwa alama ndogo. Walipoulizwa alama ziko wapi, walionyesha mahali ambapo zingekuwa kama uso ungekuwa umetokeza; macho yao yalikuwa yamedanganyika kama ya kwako. Lakini walipotakiwa kuzipiga alama hizo kwa kidole kwa haraka, kidole kilikwenda mahali zilipo kweli, ndani ya uso uliobonyea. Mkono ulikuwa na habari ambayo mwenye mkono hakuwa akiiona. Wataalamu huchukulia matokeo ya namna hii kuwa dalili kwamba njia ya ubongo inayoongoza mwendo wa haraka haitegemei moja kwa moja ile inayotupa taswira tunayoitambua.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2009, uliwalinganisha watu wenye ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia na watu wasio nao. Wale wenye ugonjwa walikiona kinyago kilichobonyea kuwa kimebonyea mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba kwao ushawishi wa matarajio juu ya kile kinachoingia kutoka machoni ni dhaifu. Naomba matokeo hayo yasitumiwe kumpima rafiki ambaye joka lako halimfuati. Mara nyingi mtu wa namna hiyo amesimama karibu mno, au hajafumba jicho.

Hapo tumefika kwenye swali lako la simu. Macho mawili ya mtu mzima yametengana kwa kiasi cha sentimita 6 hivi, na kwa hiyo kila moja linaona kitu kutoka mahali tofauti kidogo. Kitu kikiwa karibu, tofauti kati ya taswira hizo mbili ni kubwa, na ubongo huitumia kutambua kina. Charles Wheatstone alithibitisha hilo mwaka 1838 kwa chombo alichokibuni cha kuonyesha kila jicho mchoro wake. Ukiwa umelishika joka mkononi, ushahidi wa macho mawili ni mzito kuliko mazoea yote ya nyuso, na unauona uso ulivyo. Ukirudi nyuma, ushahidi huo unafifia upesi kuliko mtu anavyotarajia: umbali ukiongezeka mara mbili, tofauti inayotokana na kina kile kile haibaki nusu, bali hushuka hadi kama robo. Baada ya mita chache mazoea yanashinda, na uso unatokeza. Kufumba jicho moja kunaufuta ushahidi huo wote kwa mara moja, na ndiyo maana kunasaidia hata ukiwa karibu kidogo.

Kamera ya simu ni kama jicho moja ambalo mwenzake limefumbwa. Zaidi ya hayo, unapotazama video, macho yako yote mawili yanakubaliana kwamba kilicho mbele yako ni kioo bapa cha simu, na misuli ya lenzi ya jicho inajirekebisha kwa umbali wa kioo hicho na si wa joka. Hakuna chochote kinachobaki cha kupinga dhana ya uso uliotokeza, ila kivuli na mwendo, na mwendo, kama tulivyoona, ubongo unaugeuza kuwa ushahidi wa kichwa kinachozunguka. Rafiki anayesema kwamba video ni ushahidi mzuri kuliko macho kwa kuwa kamera haidanganyiki amepindua mambo. Ni kweli kwamba kamera haidanganyiki, lakini haioni kina pia. Inakukabidhi taswira bapa na kukuachia kazi yote ya kukisia.

Hiyo pia ndiyo njia bora ya kuelewa ustadi wa watu wanaotengeneza vitu vya ajabu vya namna hii. Hawaweki uongo mbele yako. Wanachofanya ni kuondoa, kwa hesabu kali, kila ushahidi ambao ungekufikisha kwenye ukweli, kisha wanauacha ubongo wako ufuate njia yake ya kawaida. Ukikutana na kitu kama hicho, usiulize kimefichwa nini. Uliza umenyimwa nini.

Chumba kilichobuniwa na Mmarekani Adelbert Ames, ambacho kilijulikana katika miaka ya 1940, kinakunyima jicho la pili na uhuru wa kusogea, kwa kuwa unakitazama kupitia tundu moja la kuchungulia. Kutoka kwenye tundu hilo kinaonekana chumba cha kawaida chenye pembe mraba, ingawa ukuta wa nyuma unakimbia kwa mshazari, kona moja iko mbali karibu mara mbili ya nyingine, na sakafu, dari na madirisha vimepindishwa ili taswira itoke sawa. Mtu akitoka kona moja kwenda nyingine anaonekana akikua au kunywea. Jambo hili lina uzito kwa swali lako: ubongo unajua vyema kwamba watu hawabadiliki kimo wakitembea chumbani, na bado ukilazimika kuchagua kati ya ujuzi huo na mazoea yake ya vyumba vyenye pembe mraba, unaikubali ajabu ya mtu anayekua.

Pembetatu isiyowezekana, yaani mchoro ambao kila kona yake inaonekana sawa lakini umbo zima haliwezi kuwepo, iliyochorwa na Msweden Oscar Reutersvärd mwaka 1934 na kuandikwa kitaalamu na Lionel Penrose na mwanawe Roger mwaka 1958, ilidhaniwa na wengi kuwa ni ya karatasini tu. Gregory aliitengeneza kwa mbao. Mihimili mitatu imeunganishwa kwenye kona mbili, na kwenye kona ya tatu ncha hazigusani kabisa, moja iko mbele na nyingine nyuma. Ukisimama mahali pamoja maalumu na kufumba jicho moja, ncha hizo zinalingana, na pengo linatoweka. Katika mji wa Perth, Australia, ipo sanamu kubwa ya namna hiyo iliyosimikwa mwaka 1999, na apitaye anaiona ikifunga na kufunguka kadiri anavyotembea.

Lakini kwangu mimi fundi hodari kuliko wote katika uwanja huu ni Kokichi Sugihara, mwanahisabati Mjapani. Vitu vyake havihitaji tundu la kuchungulia. Mwaka 2016 alionyesha silinda ambazo ukizitazama kwa mshazari kutoka juu zina midomo ya mraba, na kwenye kioo kilichosimamishwa nyuma yake silinda zizo hizo zina midomo ya duara. Ukizigeuza, mraba unakuwa duara mbele ya macho yako. Umbo la kweli si mraba wala duara bali ni kitu kati ya hayo mawili, na siri yake kubwa iko kwenye ukingo wa juu, ambao haukukatwa bapa: unapanda na kushuka kama wimbi. Kila nukta ya ukingo huo imehesabiwa ipae au ishuke kiasi ambacho, ukitazamwa kutoka upande mmoja, utaangukia kwenye mstari wa mraba, na kutoka upande wa pili utaangukia kwenye mstari wa duara. Nukta moja kwenye nafasi ina vipimo vitatu, na kila mtazamo unadai mambo mawili tu; hesabu inatosheka ikiwa mitazamo miwili imechaguliwa vizuri. Ubongo nao, kwa kuwa haujazoea bomba lenye mdomo wa wimbi, unaushika ukingo kuwa bapa, na mengine yanafuata yenyewe. Utaona kwamba Sugihara hakukunyima jicho la pili. Amekunyima tu kumbukumbu ya kitu chochote kinachofanana na hicho.

Wajenzi walilifahamu jambo hili muda mrefu kabla ya wanasayansi kulipa maelezo. Katika jumba la Spada jijini Rome, Francesco Borromini alijenga kati ya mwaka 1652 na 1653 ujia wenye nguzo unaoonekana kuwa na urefu wa mita 30 na zaidi, na sanamu ya kimo cha mtu mwishoni mwake. Urefu wake wa kweli haufiki mita 9. Nguzo zinapungua kimo kadiri zinavyokwenda ndani, sakafu inapanda, dari inashuka, na sanamu yenyewe ina sentimita 60 hivi. Mtu mzima akiingia na kutembea hadi mwisho, kiinimacho kinavunjika, maana anaonekana jitu.

Nimalizie na joka lako, kwa kuwa nahisi unataka kulifanya liwe bora zaidi. Tatizo la kawaida ni mwanga. Ubongo huchukulia kwamba mwanga hutoka juu, na uso uliobonyea ukiangazwa kutoka chini hupata vivuli vile vile ambavyo uso uliotokeza hupata ukiangazwa kutoka juu. Kwa sababu hiyo taa iliyowekwa chini kidogo ya joka, mbele yake, italisaidia sana, na taa kali iliyo juu yake italiumbua, kwani ukingo wa juu utatupa kivuli ndani ya uso, jambo ambalo uso uliotokeza haufanyi. Mwanga uliotawanyika, usio na vivuli vikali, nao unafaa, kwa kuwa unaviachia kazi vivuli vilivyochapwa. Liweke kwenye usawa wa macho, simama mita mbili au tatu mbali, na usogee pole pole kushoto na kulia. Kisha jaribu kuchuchumaa na kuinuka, nalo litainamisha na kuinua kichwa. Usizunguke mbali sana pembeni. Ukivuka mpaka fulani, ukingo wa mbele wa karatasi unaanza kufunika sehemu ya pua, na kitu kinachofunika kingine hakiwezi kuwa nyuma yake; ubongo ukishapata ushahidi huo hauna namna nyingine, na uso unarudi kubonyea papo hapo.